Mtoto wa kupakata naye ni abiria

Boti ikipata ajali Ziwa Tanganyika au Ziwa Rukwa, sisi wa huku juu Sumbawanga hugeuka wataalamu kwa siku tatu. Stendi, saluni, kwenye benchi la kliniki, kila mtu ana lake. Akiwamo mtoto mchanga kwenye msiba huo, maneno huwa makali zaidi, na mara nyingi humwangukia mama. Nimeyasikia kiasi cha kutosha. Baadhi ni nusu kweli, mengine ni hatari kuliko mawimbi yenyewe.

Linaloanza siku zote ni hili: mama mwenye akili hapandi boti na mtoto mchanga. Anayelisema ana barabara mlangoni. Mji wetu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika liko kama mita 770, na kati yake kuna miteremko na makorongo ambayo mhandisi wa barabara hayapendi. Kasanga kunafikika kwa gari, Kirando na Kipili vilevile kwa kupitia Namanyere. Lakini ukifuata ufukwe wa Wampembe, Ninde na Kala, utakuta vitongoji ambavyo njia yao kuu ni maji. Sasa fungua kadi ya kliniki ya mtoto. BCG na matone ya polio akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua na rubella akiwa na miezi 9, na tena miezi 18. Hizo ni safari sita kabla hajashikwa na homa hata mara moja. Mama asiye na zahanati karibu akikaa nyumbani kwa kuogopa ziwa, tutamlaumu kwamba hakuchanja. Akipanda boti, tutamwita mzembe. Achague lipi?

Wengine husema hatari iko kilindini, ukishaiona nchi kavu umepona. Kilindi cha Tanganyika kweli kinatisha, karibu mita 1,470, ziwa la pili kwa kina duniani. Lakini mtoto hahitaji kina hicho. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Septemba 20, 2018 kikiwa karibu kabisa kutia nanga Ukara, Ziwa Victoria, na waliokufa walizidi 200. Oktoba 3, 2024, huko Ziwa Kivu, boti iliyotoka Minova ilizama ikiikaribia bandari ya Kituku, Goma, watu wakiitazama kutoka ufukweni. Sababu haina fumbo. Nchi kavu ikionekana watu husimama, huvuta mizigo na kuegemea upande mmoja ili wawe wa kwanza kushuka. Chombo kilichozidi uzito hakihitaji zaidi ya hapo.

Waliowahi kusafiri na MV Liemba, ile meli iliyoletwa na Wajerumani vipande vipande, ikazamishwa 1916 na kurudi kazini 1927, wanaijua saa mbaya kuliko zote. Vijiji vingi havina gati. Meli husimama mbali kidogo, hupiga honi, na mitumbwi inajaa ubavuni mwake, mara nyingi usiku. Mama hupanda kwanza kwa mikono miwili, na mtoto hubaki chini kwa mtu asiyemjua. Kisha anainuliwa juu ya vichwa, mkono hadi mkono, mtumbwi unapanda na kushuka na wimbi huku ubao wa meli ukibaki palepale. Pengo kati ya viwili hivyo hufunguka na kufungika. Bandari iko mbali, kilindi kiko mbali, na hatari yote iko katika hatua hiyo moja. Anayetaka kumlinda mtoto aanze hapo: mtoto apokewe na baharia mmoja aliyewekwa kwa kazi hiyo, mtumbwi uwe umefungwa kamba mbele na nyuma, na mizigo isubiri.

Nakuja kwenye mbeleko, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hoja hii hutolewa na watu wenye nia njema kabisa. Wanasema mtoto akifungwa vizuri mgongoni, kinachompata mama ndicho kinachompata mtoto, hawaachani. Barabarani sawa. Shambani sawa. Majini, fikiria mwili unavyokaa. Mtu asiyejua kuogelea haelei kifudifudi, anasimama wima akipiga maji, na kitu pekee kinachobaki juu ni pua na mdomo wake. Kichwa cha mtoto wa mgongoni kiko usawa wa mabega. Maji humfikia mtoto kabla ya mama. Na kama mama amevaa jaketi okozi zuri mambo ni mabaya zaidi, maana jaketi zuri limetengenezwa limlaze mtu chali, uso juu. Mama akilala chali, mgongo uko chini. Na mtoto yuko mgongoni. Fundo la mbeleko likishalowa halifunguki kwa vidole vyenye baridi. Ndiyo maana wanaofundisha usalama wa vyombo vya majini kwingineko duniani hukataza kumfunga mtoto kwa mzazi au kwenye chombo. Kabla injini haijawashwa mbeleko ifunguliwe, mtoto apakatwe mbele, kitenge kimfunike tu bila fundo.

Dumu tupu la lita 20 nalo lina wakili wake. Simkatai moja kwa moja. Dumu lililozibwa vizuri humbeba mtu mzima anayejua kulikumbatia, na wavuvi wengi wamefika ufukweni kwa njia hiyo. Ila mtoto wa miezi minane halikumbatii dumu. Jaketi la mkubwa halimfai pia. Akianguka nalo, jaketi hubaki juu na yeye huponyoka chini, mikono ikiwa imenyooka. Jaketi la mtoto ni kitu kingine: lina kola ya kushikilia kichwa, mkanda unaopita katikati ya miguu, na mshikio mgongoni wa kumnyakulia. Hupimwa kwa kilo, umri si kipimo. Kulijaribu ni kazi ya dakika moja. Mvalishe, lifunge, kisha livute juu mabegani. Likipita kidevu na masikio, si lake.

Kwamba watoto wa ziwani wanazaliwa wakiogelea, nitajibu kwa ufupi. Hawazaliwi hivyo. Kijana wa Kirando wa miaka kumi ni samaki kweli, lakini ana kaka na dada ambao miaka mitano hawakuiona. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa na umri chini ya miaka mitano. Mtoto mdogo anayezama hapigi kelele. Anatulia.

Kuna hofu ya kutapika. Wazazi wa huku juu, hasa wanaoteremka mara ya kwanza, huamini mtoto mchanga ataumwa na mawimbi hadi aishiwe maji mwilini, kwa hiyo wanampa kijiko cha dawa ya maji ya mafua au ya kutapika ili alale. Kwanza, watoto chini ya miaka miwili mara chache hupata kichefuchefu cha safari. Anayetapika ni kaka yake wa miaka minane. Pili, promethazine, dawa inayopatikana kwa urahisi madukani, inaweza kumzuia mtoto mdogo kupumua. Marekani iliweka onyo kali mwaka 2004 kwamba asipewe mtoto chini ya miaka miwili. Mama anyonyeshe, basi. Maji ya ziwa, hata yakiwa maangavu namna ile, asipewe.

Kama kuna jambo la kumtisha mzazi wa Sumbawanga, ni mbu wa ufukweni. Mtoto wa huku kwenye baridi hajazoea malaria kama mwenzake wa bondeni, na boti inayosemekana itaondoka saa mbili usiku huondoka saa kumi alfajiri. Saa hizo zote mnalala wapi? Chandarua kiingie kwenye begi kabla ya sweta la pili.

“Kiangazi hakuna mvua, kwa hiyo ziwa limelala.” Hili lina sura ya hekima. Mvua zina radi na upepo wa ghafla, hilo kweli. Lakini ni kiangazi, kuanzia Mei hadi Agosti au Septemba, upepo wa kusini-mashariki unapovuma kwa nguvu siku baada ya siku. Husukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na huku kwetu kusini, upande wa Kasanga na Mpulungu, maji ya baridi ya chini hupanda. Mtoto aliyelowa kwenye upepo huo hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima, kwa kuwa mwili wake ni mdogo na ngozi ni kubwa kwa kulinganisha na uzito wake. Nguo kavu kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa zina kazi kuliko blanketi zito alilovikwa tangu Sumbawanga.

Na uchawi? Tunatoka Sumbawanga, nchi nzima inatutania, tungewezaje kukosa maelezo hayo. Boti ilipinduliwa na watu, wanasema. Na mimi nasema hivyo hivyo: ilipinduliwa na watu, waliopakia magunia ya dagaa mpaka ubao wa juu ukalingana na maji.

Vijana wenye simu nao wana hoja yao: Wazungu huzunguka dunia na watoto wachanga, sisi tunaogopa ziwa? Ni kweli wapo. Laura Dekker alizaliwa New Zealand mwaka 1995 wazazi wake wakiwa safarini kwa mashua, akakulia majini, na akiwa na miaka 16 alimaliza kuizunguka dunia peke yake. Lakini Aprili 2014 familia ya Kimarekani yenye mtoto wa mwaka mmoja aliyeugua ilikwama karibu maili 900 kutoka pwani ya Mexico. Waokoaji waliruka kwa parachuti, manowari ikaja kuwachukua. Nchini mwao watu waligombana vilevile tunavyogombana stendi: wazazi wazembe au jasiri? Mimi sioni kama hilo ndilo swali. Wao walikuwa na simu ya setilaiti na mtu wa kupokea upande wa pili. Mama wa Ninde akipiga, nani anaruka?

Hoja ya mwisho ni ya wenye boti: jaketi za watoto ni ghali na hazipatikani. Injini ya boti nayo haitengenezwi Sumbawanga, na inafika. Tatizo ni kwamba mtoto wa kupakata halipi nauli, na asiyelipa haandikwi. MV Nyerere iliruhusiwa abiria 101. Siku ile hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ilibeba wangapi. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lenye kazi ya kukagua vyombo, linaweza kuanza na daftari tu: kila anayepumua aandikwe, pamoja na kilo zake akiwa mdogo, na jaketi zihesabiwe kwa daftari hilo.

Kwa watoto wachanga kabisa fedha haisaidii. Kanada hushauri mtoto asiyefikia kilo 9 asipandishwe boti, kwa sababu huko jaketi lililoidhinishwa la uzito huo hakuna. Mtoto wa wiki sita ana kilo nne au tano. Yule anayesema mama asipande boti hapo amepatia, ila amekosea wa kumwambia. Huduma ya mkoba ipo kwenye mipango ya afya ya wilaya, Nkasi na Kalambo. Muuguzi mmoja na kisanduku chake cha barafu akivuka mara moja kwa mwezi, watoto wote wa ufukwe ule hubaki nchi kavu, na yeye jaketi la kawaida linamtosha.