Uyoga wa Ukoko Katika Mti Mfu



Mbuni ukifa shambani, watu hutafuta wa kulaumiwa, na macho yao huangukia kwanza kile kinachoonekana. Katika tawi kavu wauona uyoga wa rangi ya machungwa, umepangana kama magamba ya samaki, na papo hapo hukumu imekwisha kutolewa: huu ndio uliouua. Shoka huletwa, tawi huchomwa moto, na mwenye shamba hulala akiwa na moyo mtulivu. Kwa maoni yangu utulivu huo ni wa hatari, maana aliyeua bado yumo ardhini.

Uyoga huo nauita uyoga wa ukoko, kwa kuwa hushikamana na gome kama ukoko wa wali unavyoshikamana na chungu, kisha ukingo wake wa juu hujikunja nje na kufanya kijirafu chembamba chenye mawimbi. Wataalamu huuita Stereum hirsutum. Neno la kwanza lina asili ya Kiyunani, nalo maana yake ni kitu kigumu; la pili ni la Kilatini, yaani wenye nywele. Majina hayo mawili yamekaa pamoja tangu mwaka 1800, alipoyaunganisha mtaalamu Persoon, nayo yakufundisha nusu ya kazi ya kuutambua. Upapase kwa juu, utasikia nywele fupi. Uuvunje wakati wa kiangazi, utakatika kama ngozi iliyokaushwa juani. Wakati wa mvua hulainika na kukunjika. Ukiwa mchanga rangi yake hung'aa, ukizeeka huwa kijivu.

Walakini usitosheke na upande wa juu, kwa maana hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Geuza kipande, utazame chini yake. Uyoga wa ukoko ni laini kabisa chini, hauna tundu wala mkunjo, kama ukucha wa kidole. Ukiona vitundu vidogo sana, mfano wa karatasi iliyochomwa kwa ncha ya sindano, basi si huo. Ni jamaa ya Trametes, ambayo nayo ina mistari ya rangi juu yake. Ukiona mikunjo iliyotawanyika kama kipepeo, na kila mkunjo umepasuka katikati kwa urefu wake, huo ni Schizophyllum. Wote watatu hula miti iliyokufa. Basi, kama huna kioo cha kukuzia, mwite mtoto. Macho ya watoto huona vitundu ambavyo sisi watu wazima twavipita.

Kazi ya uyoga wa ukoko ni kuozesha. Huila ile sehemu ngumu inayoushikilia mti pamoja, hata mti hubaki mweupe, mwepesi na wenye nyuzinyuzi. Siwezi kusema kwamba hauna lawama hata kidogo: mti ulio hai ukipata jeraha kubwa, uyoga huweza kuingia hapo na kuozesha mahali palipojeruhiwa. Kwa hiyo pogoa kwa msumeno mkali, wala usirarue tawi kwa mkono. Lakini kuuona juu ya tawi lililokufa si ushahidi kwamba ndio ulioliua. Fisi akikutwa na mzoga, hatusemi daima kwamba yeye ndiye aliyeua.

Muuaji wa mibuni na michai niliyemtaja, aliyemo ardhini, ni Armillaria. Huyu hukaa katika visiki na mizizi ya miti ya msitu iliyokatwa, akapita kutoka mzizi hata mzizi inapogusana. Majani hugeuka manjano, hupukutika, kisha mti wote hukauka. Hapo usitazame matawi. Chimba penye shina linapoingia ardhini, uchune gome kwa kisu: ukikuta utando mweupe kama karatasi kati ya gome na mti, wenye harufu kali ya uyoga, umempata. Ng'oa mti huo pamoja na mizizi yake yote, hata ile iliyo nyembamba kama kalamu, uichome. Mzizi mmoja ulioachwa huweza kuua mbuni utakaopanda badala yake.

Na wewe unayefungua shamba jipya msituni, usikate miti mikubwa mara moja. Mtaalamu Leach alieleza mwaka 1937, kutokana na kazi yake huko Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, kwamba mti uliochunwa gome kuzunguka shina lote kabla ya kukatwa huishiwa na wanga katika mizizi yake, na Armillaria hukosa chakula. Wengi huona uchungu kungojea mwaka mmoja au zaidi mti usimame ukifa. Mimi naona ni nafuu kuliko kupoteza mibuni iliyokwisha anza kuzaa.

Tawi lenye uyoga wa ukoko, liache lioze pembeni mwa shamba. Litarudi kuwa udongo. Ila ukiuona juu ya nguzo ya nyumba au ya zizi, ichome nguzo kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama bila kupingwa, badilisha nguzo hiyo kabla ya masika, na safari hii chagua mti wenye moyo mgumu, uondoe gome lote, usiisimamishe ingali mbichi.