Aliyekimbia dungu ahukumiwe kwa dakika ipi?

BARAZA LA KUSINI
Na Mussa Nandonde

Mahindi yakianza kubeba, vijiji vya Mnero hupungua watu. Sufuria na godoro hufungwa nyuma ya baiskeli, mlango wa nyumba hukazwa kwa kamba, na baba, mama na watoto huhamia shambani kulala kwenye dungu. Ndivyo ilivyo Mnero Ngongo, Mnero Miembeni na vijiji vya upande wa Ruangwa, wilaya iliyomegwa kutoka Nachingwea. Kundi moja la nguruwe pori likiingia usiku kwenye ekari mbili, jasho la msimu mzima huisha kabla jogoo hajawika. Kwa hiyo watu hukesha, hupiga madebe, huchochea moto.

Tatizo ni kwamba nguruwe naye ana anayemfuata.

Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha hesabu ya mtafiti Craig Packer na wenzake, wakiwamo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui. Kuanzia mwaka 1990 hadi 2004 simba waliua Watanzania wasiopungua 563 na kujeruhi wengine 308. Kusini, na hasa mkoa wa Lindi, ndiko kulikoumia zaidi. Mashambulizi yalizidi miezi ya mavuno, Machi hadi Mei, wakati watu wamelala mashambani kulinda mazao. Watafiti waliona pia uhusiano na nguruwe pori: swala na nyati wakishapungua karibu na vijiji, simba humfuata nguruwe hadi shambani, na humo humkuta binadamu amelala nyuma ya ukuta wa nyasi.

Hesabu hiyo ina waliokufa na waliojeruhiwa. Waliokurupuka wakakimbia, wakapona, na asubuhi wakakuta mwenzao hayupo, hawamo. Hao huhesabiwa barazani. “Alimwacha mkewe” ni maneno mawili tu, lakini humfuata mtu kisimani, msikitini, kwenye mnada wa ufuta na kwenye harusi ya binti yake miaka 20 baadaye. Mwanamke aliyeruka kutoka dunguni na kumwacha mtoto kwenye mkeka hukumu yake ni nzito zaidi, kwa sababu mama hategemewi kuwa na miguu kabla ya kuwa na mikono.

Miongoni mwa Wamwera, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, kesi kama hiyo ina mahakama yake. Mume ambaye amehamia kwa wakweze hujibu kwa wajomba wa mkewe, maana watoto ni wa ukoo wao. Ataulizwa alikuwa upande gani wa dungu, panga lilikuwa wapi, kwa nini yeye ana mkwaruzo wa miba tu. Watani nao hawakosi. Kwenye msiba mtani anaweza kuigiza zile mbio mbele ya wafiwa, shuka mkononi, mpaka waliokuwa wakilia wacheke. Utani huo una kazi yake: jambo linatamkwa hadharani bila mtu kushika panga. Ila aliyeigizwa hurudi nalo nyumbani, na usiku halimchekeshi.

Safu hii haina ugomvi na hukumu yenyewe, kwa kuwa jamii isiyomuuliza mtu alikuwa wapi mwenzake alipokuwa akiliwa haina sababu ya kuitwa jamii. Ugomvi wake uko kwenye dakika inayochaguliwa kuhukumiwa. Baraza huchagua dakika ya kwanza, ambayo ndiyo mbovu kuliko zote kwa ushahidi.

Meli mbili zinaeleza jambo hili vizuri. Titanic iligonga barafu usiku wa Aprili 14, 1912, ikachukua saa mbili na dakika 40 kuzama. Lusitania ilipigwa kombora na nyambizi ya Wajerumani Mei 7, 1915, ikazama kwa dakika 18. Bruno Frey, David Savage na Benno Torgler walipolinganisha waliopona, waliona tofauti kubwa. Ndani ya Titanic wanawake na watoto walipona kwa uwiano mkubwa kuliko wanaume. Ndani ya Lusitania waliokuwa na nafasi nzuri zaidi walikuwa vijana wenye nguvu. Zilikuwa meli za aina moja, miaka mitatu tu kati yake, na abiria wake walifanana sana. Maelezo ya watafiti hao ni kwamba mwili hujiokoa kwanza, na desturi hufika baadaye ikipewa nafasi. Watu wa Titanic walipewa nafasi hiyo.

Simba akivunja dungu hampi mtu dakika 18.

Kusini kwetu tuna mfano wa zamani zaidi. Mwishoni mwa Agosti 1905, moto wa vita vya Maji Maji ulipofika bara ya Lindi, wamisionari Wabenediktini wa Nyangao walishambuliwa wakakimbilia pwani. Katika kukimbia huko Sista Walburga Diepolder alitengana na wenzake, akauawa. Wenzake walifika Lindi. Kanisa linamkumbuka yeye miongoni mwa waliopoteza maisha katika vita vile, na wale waliofika hakuna anayewaita waoga. Msomaji wa leo anaelewa bila kufafanuliwa: palikuwa na giza, pori, kelele, na watu walioamini kwamba wanakufa. Huruma hiyohiyo mkulima wa Mnero huikosa, ingawa giza ni lilelile na pori ni lilelile, na yeye hakuwa na bunduki.

Bunduki si jambo dogo katika kesi hizi. Septemba 21, 2013, magaidi walipovamia jengo la Westgate jijini Nairobi, Abdul Haji aliingia ndani kumtafuta ndugu yake aliyekuwa amekwama humo, akasaidia kuwatoa watu wengi. Kenya ilimpongeza, na alistahili. Lakini Haji alikuwa nje alipopata habari, alikuwa na bastola aliyojua kuitumia, na aliingia akifuatana na wengine. Aliamua akiwa macho, akiwa njiani. Kumweka kwenye mizani moja na mtu aliyeamshwa na sauti ya mkewe akiburutwa ni kumwonea huyo wa pili.

Basi ni dakika ipi ihukumiwe? Ya kumi inatosha kuanzia. Kuna aliyekimbia mpaka dungu la jirani, akapiga yowe, akarudi na watu, mienge na mikuki, hata kama walirudi kuchukua mabaki. Kuna aliyekimbia mpaka kijijini, akajifungia, akanyamaza hadi jua lilipochomoza. Wote wawili walikurupuka, na kwa dakika ya kwanza huwezi kuwatenganisha. Kwa dakika ya kumi wako mbalimbali kabisa. Baraza linalowaita wote kwa jina moja linamnyima yule wa kwanza haki yake, na linampa yule wa pili mahali pa kujificha.

Tena yuko mtu wa tatu, ambaye mbio zake haziigizwi na mtani yeyote kwa sababu hakukimbia. Usiku ule alikuwa kilabuni. Mkewe na watoto ndio waliokuwa dunguni, na moto ulizimika kwa kukosa wa kuuchochea. Asubuhi alikuja na macho mekundu, akapewa pole na kiti cha wafiwa. Ukimpima kwa muda aliokuwa nao, kuanzia jua lilipozama hadi tukio, huyo ndiye aliyekuwa na saa nyingi kuliko wote za kuamua awe wapi.

Hukumu ya haraka ina hatari nyingine ambayo watu wa kusini hawahitaji kusimuliwa kirefu. Pale panapoaminika kuwapo simba wa kutumwa, aliyepona huulizwa swali baya zaidi ya woga: kwa nini simba alimruka yeye? Ng’ambo ya Ruvuma, wilayani Muidumbe, Cabo Delgado, mwaka 2002 na 2003 simba waliua makumi ya watu. Kisha watu wengine wakauawa na majirani zao, wakidaiwa kuwa ndio wenye simba hao. Neno “alikimbia” likiachwa barazani bila mipaka, halichukui muda kugeuka kuwa “alijua”.

Wajapani wa pwani ya Sanriku, ambao adui wao ni bahari, walichagua njia nyingine. Wana fundisho linaloitwa tendenko: mawimbi ya tsunami yakija, kila mtu akimbilie mlimani peke yake, asimngoje mzazi wala mtoto. Kwa sikio la Kiswahili hilo ni tangazo la ubinafsi. Lakini msingi wake ni makubaliano ya nyumbani yaliyofanywa mapema: mama anajua mtoto ameshakimbia, mtoto anajua mama amekimbia, kwa hiyo hakuna anayerudi kufa akimtafuta mwenzake. Tsunami ya Machi 11, 2011 ilipoupiga mji wa Kamaishi, wanafunzi waliokuwa wamefundishwa hivyo walipanda mlima, wakubwa wakiwashika mkono wadogo. Karibu wote, kati ya takriban 3,000 wa shule za msingi na sekondari za mji huo, walipona. Kukimbia kulikuwa kumepangwa, na ndani ya mpango huo mkono wa mtoto ulikuwa na mwenyewe.

Dungu halihitaji mlima. Linahitaji maswali machache yajibiwe jua likiwa bado juu: nani analala upande wa mlango, nani anamshika mtoto, tochi inakaa wapi, dungu la jirani liko hatua ngapi, mlio gani ni wa nguruwe na mlio gani ni wa hatari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu mashambulizi ya simba nchini ulionyesha kwamba saa za giza za mwanzo wa usiku ndizo mbaya zaidi, hasa siku zinazofuata mwezi mpevu, mwezi unapochelewa kuchomoza. Familia inaweza kuzijua siku hizo kwa kutazama juu tu.

Wenye ofisi nao wasisahauliwe. Simba wa Rufiji aliyepewa jina la Osama aliua zaidi ya watu 30 kabla ya kupigwa risasi Aprili 2004. Hiyo haikuwa kazi ya usiku mmoja. Ilichukua misimu. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa mtu aliyeuawa na mnyama mkali. Leo Nachingwea, Ruangwa na Liwale wanalia zaidi na tembo, wanaoingia mashambani kula na mara nyingine kuua, na watu bado wanalala kwenye nyasi zilezile. Mkulima akikimbia kwa sekunde tano anaitwa mwoga, lakini ofisi iliyochelewa miaka inaandikiwa barua ya kukumbushwa.

Kwa hiyo serikali ya kijiji iitishe mkutano mwezi Februari, nguruwe wakiwa bado hawajaonja mahindi. Kila kaya iseme itakuwa na nani dunguni na jirani yake nani. Ofisa wanyamapori aseme askari watatoka wapi na simu yao itapokelewa na nani usiku. Mwenyekiti aandike majina. Msiba ukitokea Aprili, baraza lianzie kwenye daftari hilo: nani aliahidi kuwapo na hakuwapo, kuanzia mume wa kilabuni hadi ofisi ya wilaya. Aliyekuwepo, akakurupuka, kisha akarudi na watu, aitwe mwishoni, kama shahidi.