Kizuri Chajiuza, Lakini Katika Soko Lipi?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lau wangeishi hadi leo wakaishuhudia biashara ya sinema, pengine wangeitazama upya kauli yao. Katika biashara hiyo, kizuri na kibaya vyote hutembezwa, na aghalabu kinachotembezwa kwa nguvu zaidi ndicho kinachoishia kuitwa kizuri. Kipimo ni mapato ya siku tatu za mwanzo: Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Filamu ikianza kwa kishindo, hutangazwa kuwa imefana. Ikisuasua, huanza kuandaliwa matanga kabla Jumatatu haijapambazuka.

Mfano ulio karibu na wapenzi wa Kiswahili ni The Lion King, iliyotolewa Marekani tarehe 19 Julai 2019 ikiwa usimulizi mpya wa filamu ya katuni ya mwaka 1994. Kwa siku tatu tu, iliingiza takriban dola milioni 191 katika Marekani na Kanada. Wahakiki wengi walilalamika kwamba nyuso za wanyama wake hazikuonyesha hisia, lakini malalamiko hayo hayakuizuia kupindukia dola bilioni 1.6 duniani kote. Ilifunguliwa kwa mpigo katika kumbi zaidi ya 4,700 za Amerika Kaskazini. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ni watu wangapi walioipenda, yafaa kuuliza ni milango mingapi iliyofunguliwa ili waingie.

Wahusika wa filamu hiyo wanaitwa Simba, Rafiki, Sarabi na Pumbaa, na mojawapo ya nyimbo zake mashuhuri umejengwa juu ya maneno "hakuna matata". Maneno hayo si mageni Mombasa. Them Mushrooms, bendi iliyochipukia mjini humo, iliyaeneza kupitia wimbo "Jambo Bwana" wa mwaka 1982, miaka kumi na miwili kabla ya katuni ile. Mwaka 1994 kampuni ya Disney iliomba kuyasajili kuwa alama yake ya biashara kwa mavazi, na usajili huo ukakamilika mwaka 2003. Mwishoni mwa mwaka 2018, makumi ya maelfu ya watu walitia sahihi zao kuupinga. Ni kweli kwamba usajili wa namna hiyo haumzuii mtu kutamka maneno yake. Hata hivyo, unadhihirisha jinsi lugha inavyoweza kuingia sokoni huku wenyewe wakibaki nje ya hesabu.

Sasa na itazamwe hadithi ya Waswahili wenyewe. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'Kuvute, ilichapishwa mwaka 1999. Inamsawiri Yasmin, msichana anayeozwa kwa Raza, mwanamume mzee kuliko umri wake, akachukuliwa hadi Mombasa, kisha akatoroka kurudi Unguja na kujikuta katikati ya harakati za kupinga ukoloni. Amil Shivji aliigeuza riwaya hiyo kuwa filamu ya Kiswahili, iliyoonyeshwa katika tamasha la kimataifa la filamu la Toronto mwezi wa Septemba 2021. Mwaka 2022 Tanzania iliipeleka kuwania tuzo za Oscar, hatua ambayo haikuwa imechukuliwa tangu filamu ya Maangamizi mwaka 2001. Je, mkaazi wa Kibokoni au Kuze, ambaye mji wake umo ndani ya hadithi hiyo, ataitazamia wapi?

Swali hili lisingeulizwa zamani. Kisiwa cha Mombasa kilikuwa na majumba ya sinema kama Regal, Majestic, Naaz na Kenya, na filamu za Kihindi ziliyajaza hata watoto wa Mji wa Kale wakakariri nyimbo za lugha wasiyoisema. Zilipoingia kanda za video, na baadaye diski na runinga za setilaiti, majumba hayo yalififia moja baada ya jingine. Leo anayetaka kuona filamu mpya katika ukumbi wa kisasa aghalabu huvuka daraja la Nyali, na nauli yake huongezeka juu ya bei ya tiketi. Asiyeweza huenda katika kibanda cha video, ambako filamu za kigeni husimuliwa kwa Kiswahili cha mtaani. Mtazamaji huyo analipa, anacheka, anarudi kesho, wala hahesabiwi na yeyote.

Wapo watakaosema kwamba fedha ndizo kura za watazamaji, na kwamba msanii asiyejali mapato hatapata mtaji wa kazi ya pili. Hoja hii ina mashiko. Waigizaji hula, kamera hukodishwa, na sifa za matamasha hazilipi deni. Ila kura huhitaji kituo cha kupigia. Kuihukumu filamu ya Kiswahili kwa uchache wa tiketi mahali ambapo haikupewa ukumbi ni sawa na kumlaumu mvuvi kwa kukosa samaki ilhali amenyimwa chombo. Isitoshe, riwaya yenyewe haikuwa na siku tatu za kuhukumiwa. Imesomwa kwa zaidi ya miaka ishirini, darasa baada ya darasa, na hivyo ndivyo ilivyojijengea hadhira ambayo filamu imeikuta tayari.

Hadhira hiyo imo mikononi mwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Zanzibar imekuwa ikionyesha filamu za tamasha lake uwanjani mwa Ngome Kongwe tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mombasa nayo ina Ngome ya Yesu, iliyo mlangoni mwa Mji wa Kale, na ina kumbi za vyuo, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilichoko Tudor. Tangu UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, vyama vya wanafunzi vimekuwa na mazoea ya kuiadhimisha kwa hotuba na mashairi. Hapana ubaya hotuba moja ikipunguzwa ili filamu iliyotokana na kitabu cha Kiswahili ionyeshwe kwa siku tatu mfululizo, kwa kiingilio ambacho mchukuzi wa Marikiti anaweza kukilipa, huku kitabu chenyewe kikiuzwa mlangoni.

Tiketi zihesabiwe kwa uaminifu na hesabu itangazwe hadharani, hata ikiwa ni watu mia mbili. Idadi hiyo haitatikisa Marekani. Lakini mtengenezaji wa filamu atakayekuja kesho na Siku Njema ya Ken Walibora mkononi atakuwa na jambo la kumwonyesha mwenye fedha: kwamba kisiwani Mombasa mlango ulifunguliwa, na watu wakaingia.