Kizazi Kitolewe, au Uvimbe Peke Yake?

Wako akina mama vijijini ambao kila mwezi hupoteza damu nyingi kupita kiasi, nao hunyamaza. Huvaa khanga mbili tatu, huacha kwenda gulioni, na wakiulizwa husema ni mambo ya kike tu. Tumbo likianza kujaa kama la mimba ya miezi minne, majirani huanza kuhesabu miezi. Miezi hupita, mtoto haonekani. Ndipo yanapoanza maneno ya chango na ya kurogwa.

Mara nyingi kinachomsumbua mama huyo ni uvimbe katika kizazi, ambao hospitali huitwa fibroidi. Huo ni nyama ngumu inayoota katika misuli ya kizazi. Huweza kuwa mmoja, huweza kuwa zaidi ya kumi. Mwingine mdogo kama punje ya haragwe, mwingine mkubwa kama kichwa cha mtoto. Uvimbe huu si saratani, na ni nadra sana kukuta saratani imejificha ndani yake. Hakuna mtu aliyekutupia. Hulishwa na vichocheo vya mwili wa mwanamke mwenyewe, na kwa sababu hiyo hunywea hedhi ikishakoma. Wanawake wenye asili ya Afrika huupata zaidi kuliko wengine. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2003 ulikadiria kwamba kufikia umri wa miaka 50, wanawake weusi zaidi ya 80 katika kila 100 huwa nao. Wengi huishi nao bila hata kujua.

Kwa hiyo, kuwa na uvimbe peke yake si sababu ya kupasuliwa. Kama hutoki damu nyingi, huna maumivu, hukojoi kila mara, na hakuna shida ya kushika mimba, uache, ila upimwe tena kadiri daktari atakavyokupangia. Anayekuambia utolewe kwa kuwa upo, muulize kwa heshima: ukiachwa utanidhuru nini?

Lakini yule anayetoka damu mabonge mabonge, anayebadilisha vitambaa kila saa, anayehema akipanda kilima na ndoo kichwani, huyo asingoje. Apimwe wingi wa damu. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na gramu 12 au zaidi katika desilita moja. Akiwa chini ya hapo ana upungufu, naye atapewa vidonge vya madini ya chuma. Zipo pia dawa za kupunguza damu ya hedhi, na kipo kitanzi chenye dawa kinachowekwa ndani ya kizazi. Wengine hutosheka na hayo hadi hedhi inapokoma. Upasuaji usiwe neno la kwanza kusemwa.

Pale upasuaji unapohitajika, ziko njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kutoa uvimbe na kukiacha kizazi. Ya pili ni kutoa kizazi chote. Jambo linalonisikitisha ni kwamba akina mama wengi hupangiwa mojawapo bila kuelezwa kwamba ya pili ipo. Mwenye miaka 28 huambiwa, "Toa kizazi, yaishe." Mwenye miaka 47 na watoto sita hukatazwa na shangazi asikubali, eti atakuwa si mwanamke tena. Wote wawili wameamuliwa na watu wengine.

Tumchukue huyo wa miaka 28 ambaye bado anataka mtoto. Kwake kutoa uvimbe peke yake kuna maana, hasa kama umeingia ndani ya kizazi mahali mimba inapokaa. Lakini aelezwe ukweli wote. Katika upasuaji huu damu huweza kupotea nyingi, hivyo ndugu wajitolee damu mapema. Uvimbe mwingine huweza kuota baadaye. Akipona asishike mimba upesi, angoje miezi atakayoambiwa, maana kovu la kizazi lazima lishikamane. Na ikiwa misuli ilikatwa kwa kina, huenda daktari akataka ajifungue kwa kupasuliwa, kwa sababu kizazi chenye kovu huweza kuchanika wakati wa uchungu. Mama wa namna hii hafai kuzalia nyumbani. Tena, kabla ya kulaumu uvimbe kwa kukosa mtoto, mume naye apimwe. Wanaume wengi hapa hukwepa, wakaacha mke apasuliwe kwa kosa lisilo lake.

Huyo wa miaka 47 hali yake ni nyingine. Kama hataki tena kuzaa na damu inammaliza, kutoa kizazi humaliza jambo: hedhi hukoma, na uvimbe ule haurudi tena. Hofu zake nyingi hazina msingi. Kizazi ni mfuko wa kubebea mtoto. Vichocheo vya kike hutoka kwenye vifuko vya mayai, navyo kwa kawaida huweza kuachwa vikiwa vizima. Vikiachwa, mama haingii uzeeni siku ile, ingawa wengine hedhi ingekoma mapema kidogo kuliko kawaida yao. Nguvu za kulima hazipotei, bali wengi huzipata upya damu inapoongezeka mwilini. Wala tendo la ndoa haliishi. Hata hivyo kazi hii nayo ni upasuaji mkubwa. Kibofu au mirija ya mkojo huweza kujeruhiwa, na kidonda huweza kuoza. Na kama umri wake uko karibu na kukoma hedhi na damu yaweza kuzuiwa kwa dawa, ana haki ya kusema atangoja.

Kuna wanawake ambao hawamo katika mifano hii: mwenye miaka 38 na watoto wawili ambaye hajui kama atataka wa tatu, au asiye na mtoto wala hamu ya mtoto, au ambaye hataki tu sehemu yake ya mwili iondolewe. Sababu ya huyu wa mwisho ni sababu kamili, na hadaiwi maelezo na mtu.

Mume na ashauriwe. Ni vizuri aende naye, asikie kwa masikio yake, asije akadanganywa na vijiwe. Lakini mwenye tumbo ndiye mwenye neno la mwisho, na sahihi yake mwenyewe, au alama ya dole gumba lake, ndiyo inayotakiwa maadamu ni mtu mzima mwenye akili timamu. Asiyejua kusoma asomewe karatasi yote kwa lugha anayoielewa kabla ya kugusisha wino.

Katika karatasi hiyo kuna jambo ambalo watu hulipita haraka. Hata ukikubaliana na daktari kutoa uvimbe tu, damu ikikataa kuzuilika mezani huenda akalazimika kutoa kizazi ili kukuokoa. Hutokea mara chache, lakini liulize ungali macho. Sema mbele ya muuguzi unachotaka kifanyike hali hiyo ikitokea. Mama anayezinduka na kuambiwa jambo ambalo hakuwahi hata kulisikia huumia mara mbili.

Kuhusu wakati: mara nyingi kazi hii huweza kupangwa, isipokuwa damu inatoka kwa hatari. Basi ipangwe baada ya mavuno. Utahitaji kiasi cha wiki sita bila ndoo, bila kuni, bila jembe, bila kutwanga. Nani atachota maji? Swali hili lijibiwe nyumbani kabla ya kupanda basi, kwa jina la mtu, si kwa "tutaona."

Aliyekwisha koma hedhi akaona damu tena, au tumbo lake likaanza kukua, mashauri haya ya kungoja hayamhusu. Aende hospitali wiki hiyohiyo, kwani hapo saratani lazima itafutwe.

Na unaporuhusiwa kurudi nyumbani, usiondoke bila karatasi inayoeleza kilichotolewa: uvimbe tu, au kizazi, na kama mlango wa kizazi na vifuko vya mayai vimebaki. Ikiwa mlango wa kizazi umebaki, bado utapimwa saratani yake kama wanawake wengine. Ikiwa kizazi kimebaki na siku moja ukashika mimba, mkunga wa zahanati atataka kujua kovu liko wapi na lilikuwa la kina gani. Karatasi hiyo iweke pamoja na kadi ya kliniki, kwenye mfuko wa plastiki, mahali mvua haivuji.