Baisikeli ya Mbio na Baisikeli ya Mizigo

Mtu aendaye kununua baisikeli yafaa ajiulize kwanza ataitumia kwa kazi gani, ndipo aulize bei. Siku hizi baisikeli nyembamba za mbio, zilizokwisha kutumika ng'ambo, huuzwa pamoja na nyingine, na mkulima aiinuapo moja kwa mkono mmoja huona amepata bahati.

Wepesi ule una sababu yake. Katika njia tambarare, mwendo ukipita kilomita 20 hivi kwa saa, kizuizi kikubwa cha mpandaji ni upepo. Akitaka kuongeza mwendo mara mbili, nguvu ya kuupasua upepo huo huzidi mara nane. Ndiyo maana usukani umepindwa chini kama pembe za kondoo dume, ili mtu ainame. Tairi zake ni za milimita 23 hadi 32, tena hujazwa mpaka zikawa ngumu, na uzito wote ni kama kilo 8. Tangu mwaka 2000 chama cha baisikeli cha dunia hakikubali ya mashindano iliyo chini ya kilo 6.8, wepesi nao umewekewa mpaka!

Ile nyeusi iitwayo Black Mamba ni kinyume chake. Yakaribia kilo 20 au kuzidi. Mpandaji huketi wima akaiona njia, na magurudumu yamewekwa mbali mbali, hivyo mashimo ya barabara ya changarawe hayamrushi sana. Breki zake huvutwa kwa vyuma, ambavyo fundi yeyote wa kijijini aweza kuvinyosha. Mlimani, kwa kuwa haina gia, mara nyingi husukumwa, hilo halifichiki.

Ya milimani, yenye tairi nene za meno na gia nyingi, husimama kati ya hizo mbili.

Hatari ni kuifunga mikebe ya maziwa juu ya baisikeli ya mbio. Nyingi hazina matundu ya kufungia keria, spoki zake ni chache, na shimo moja laweza kuipinda rimu. Ndipo lije jambo la tairi. Zote mbili huitwa za inchi 28, lakini rimu ya mbio ni milimita 622, na ile ya Black Mamba 635, wala tairi ya moja haiingii katika nyingine. Mnunuzi na asome tarakimu zilizopigwa ubavuni mwa tairi, kisha amwulize mwenye duka la karibu na kwake kama anazo za namna hiyo, kabla ya kutoa fedha.