Sindano Ibaki Palepale

Kariakoo huhitaji kuutafuta mkoba wa shule wenye picha ya Spider-Man. Umetundikwa kibanda hadi kibanda. Mtoto anayeubeba anaijua habari ya buibui hata kama hajawahi kushika kitabu chenyewe, lakini muulize habari za Fumo Liyongo, atakutazama tu. Kwa sababu hiyo toleo hili la jarida letu limewaomba wachoraji waandike upya asili za mashujaa wetu wa kale kwa msomaji wa leo. Kazi zilipofika hapa ofisini Mchafukoge, ubishi ukaanza: ni kipi kiguswe, na kipi kiachwe? Msimamo wetu ni kwamba mchoraji ana ruhusa ya kubadili mwaka, mavazi, hata chanzo cha nguvu. Jeraha la shujaa aliache lilivyo.

Wamarekani, ambao kazi hii wameifanya kwa miongo mingi, wanatupa ushahidi. Mwaka 1962 buibui aliyemuuma Peter Parker alikuwa na mionzi, kwa kuwa mionzi ndiyo iliyowatisha watu wakati ule. Hadithi ilipoandikwa upya mwaka 2000, buibui akawa zao la maabara ya vinasaba. Mjomba Ben hakupona katika hadithi yoyote kati ya hizo mbili, na kosa likabaki la kijana aliyemwacha mwizi apite. Iron Man naye alizaliwa mwaka 1963 katika vita vya Vietnam. Filamu ya 2008 ikamhamishia Afghanistan, lakini kipande cha chuma kifuani hakikutolewa. Mtu wa Vietnam na mtu wa Afghanistan wanatambulika kuwa ni mmoja kwa kipande kile.

Turudi kwa Liyongo. Utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 hausumbuki kueleza nguvu zake zilitoka wapi. Unaeleza kwa kirefu zilivyokwisha. Hakuna silaha iliyoweza kumuua isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na aliyeichoma ni mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa binti wa mfalme. Hapo mchoraji mwenye jicho atakuta asili aliyodhani haipo, kwa sababu kitovu ndipo mtoto anapotenganishwa na mama yake. Mama huyohuyo ndiye aliyeficha tupa ndani ya mkate wa wishwa. Kijakazi Saada akaupeleka gerezani alikofungwa Liyongo, pamoja na mikate mizuri. Walinzi wakajichagulia mizuri, wakamwachia mfungwa ule wa wishwa. Kisha Liyongo akazikata pingu wakati ngoma ikirindima nje. Kuna mchoraji aliyempa Liyongo upanga uliodondoka na kimondo. Mchoro ni mzuri, sikatai, ila kimondo hakina mama. Mwingine ameisimulia hadithi nzima kwa macho ya Saada, na huyo hakuharibu chochote. Na anayedai kwamba mtoto wa leo anataka ngumi tu, basi anionyeshe filamu yenye utoro wa gerezani unaoushinda huu.

Wapo watakaosema huu ni urithi, usichezewe. Lakini urithi wenyewe umetufikia kwa kuandikwa na kuandikwa tena. Edward Steere alikuwa amekwisha kuichapa hadithi ya Liyongo kwa nathari mwaka 1870, zaidi ya miaka 40 kabla ya utenzi wa Kijumwa, na masimulizi ya pwani hayakubaliani hata juu ya aliyemsaliti: wengine humtaja mpwa. Anayetaka kulinda nakala moja tu atuambie kwanza ni ipi.

Pingamizi linalonipa taabu kweli ni la Kinjeketile Ngwale, mganga wa Maji Maji. Asili yake ingemvutia mchoraji yeyote: anaburutwa na pepo Hongo hadi kwenye bwawa kule Ngarambe, ndugu wanakesha ukingoni, na kesho yake anatoka majini na nguo kavu. Huyu lakini si mtu wa utenzi. Wajerumani walimnyonga mwaka 1905, na makadirio ya waliokufa katika vita vya Maji Maji, wengi wao kwa njaa, hufika watu 300,000. Ebrahim Hussein alimwandika upya katika tamthilia yake ya 1969, na hakuogopa: alimtia mashaka, akamfanya mtu anayeliona neno lake, kwamba risasi zitageuka maji, likikua hadi kumshinda nguvu. Aligusa moyo wa Kinjeketile kwa uhuru kamili, lakini bunduki aliziacha ziue. Kwa hiyo mchoraji wetu akitaka bwawa liwe kisima cha Manzese na Hongo azungumze kwa simu, ruksa. Kazi moja tu tumeirudisha kwa mwenyewe, nayo ni ile ambayo katika ukurasa wake wa mwisho risasi zinageuka maji.