Nauli ya Kwenda Kuona

Mjukuu mbele, mzee nyuma, fimbo moja mikononi mwa wote wawili. Vijijini Tanzania majirani wameizoea picha hiyo mno. "Ni uzee," husema. Mara nyingi si uzee tu, bali mtoto wa jicho: ukungu unaotanda ndani ya lenzi ya jicho, na unaoongoza kwa kupofusha watu duniani. Mjukuu naye anakosa darasa.

Hakuna matone wala mizizi inayouondoa ukungu huo. Ni upasuaji tu. Mgonjwa hupigwa sindano ya ganzi karibu na jicho, akabaki na fahamu zake zote, akimsikia daktari akizungumza na muuguzi, pengine akiona mwanga na vivuli vikipita. Lenzi iliyochakaa hutolewa na ya plastiki kuwekwa mahali pake, kazi aliyoianza Harold Ridley jijini London mwaka 1949. Mara nyingi nusu saa haiishi.

Kesho yake bendeji inafunguliwa. Kwanza mwanga mkali, kisha rangi, kisha uso wa mtu aliyekuwa akijulikana kwa sauti tu. Kwa wiki kadhaa atatia dawa na asilifikiche jicho. Likiuma au uoni ukififia, arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Kinachokwamisha ni hofu na nauli. Bibi anaogopa kisu jichoni. Wanawe wanapiga hesabu ya basi la watu wawili, kwenda na kurudi, wanaahirisha hadi mavuno. Kikwazo cha nauli kimewahi kuondolewa kwa ugonjwa mwingine: kwa wanawake wenye fistula ya uzazi, Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilianza mwaka 2009 kutuma nauli kwa M-Pesa kupitia watu wa kujitolea waliowatambua wagonjwa huko huko waliko. Waliofika kutibiwa wakaongezeka.

Kwa macho, wananchi wanaweza kulifanya hilo wenyewe. Vikoba vinavyochangia harusi na misiba vitenge fungu la nauli. Mabalozi wa nyumba kumi waorodheshe wazee wasioona vizuri, na vijana wajipange kuwasindikiza. Zaidi ya yote, waliokwisha kupasuliwa wapite nyumba kwa nyumba: bibi mwenye hofu atamwamini upesi jirani aliyekuwa akipapasa ukuta juzi na leo anachambua mchele. Ijumaa hii msikitini na Jumapili kanisani, majina yaanze kuandikwa.